Nywila za Haidar

Rekodi za chanjo za watoto mia nne zilipopotea kwenye zahanati moja ya binafsi pale Zinga, Haidar, fundi wa mfumo wa kompyuta aliyekuwa akija kutoka Dar, alimnyooshea kidole Hafidha mbele ya wafanyakazi wote.

"Huyu dada kabonyeza asichokijua."

Hafidha alikuwa karani wa rekodi mwaka wa kumi na moja. Akahamishiwa stoo. Kina mama waliotoka mbali, hadi Fukayosi, walipoambiwa waanze kueleza upya chanjo za watoto wao, walioneshwa yeye kuwa ndiye aliyezipoteza.

Hakulia. Alimfuata mkuu wa zahanati, Bi Arafa.

"Shikamoo, bibi. Nataka kujifunza ule mfumo. Mimi, Dija wa sindano na Mwinyijuma wa maabara."

"Marahaba. Yaliyokupata hayajakutosha?"

"Ndiyo maana nautaka."

Bi Arafa aliridhia, kwa sharti wafanyie mazoezi kwenye nakala, si kwenye mfumo wenyewe.

Kila alasiri, wagonjwa wakipungua, watatu hao walijifungia na kompyuta kuukuu. Waliuvuruga mfumo kwa makusudi, kisha wakaurudisha kutoka kwenye nakala ya akiba waliyoiweka wenyewe. Dija alishika haraka. Mwinyijuma alisahau kila wiki, akawa anaandika hatua nyuma ya fomu za maabara. Hafidha alikuwa na lake moyoni, na mwezi wa tano wa mazoezi alilipata: mahali ambapo mfumo huandika nani kafanya nini, na lini. Rekodi zilifutwa Ijumaa saa nane mchana, kwa akaunti ya Haidar. Tena hakuwahi kuweka nakala ya akiba hata moja.

Hakumwambia mtu, hata Dija. Alitaka watu wawe wengi.

Wakawa wengi siku kamati ya zahanati ilipokutana, wafanyakazi wakiwepo, kujadili mkataba mpya wa Haidar.

"Mkiniacha," Haidar aliwaambia, "mfumo ukianguka hapa hakuna wa kuuinua."

"Tuuangushe sasa hivi," alisema Hafidha. "Ile kompyuta ya mazoezi ina nakala ya jana. Nitafuta kila kitu. Utaurudisha kwa muda gani?"

Haidar alicheka. "Siku mbili, nikiwa Dar."

Hafidha akafuta. Dija akakaa, Mwinyijuma akamsomea hatua, na kwa dakika kumi na tisa majina ya wagonjwa yalikuwa yamerudi kwenye picha ya projekta ukutani, mbele ya macho ya kamati. Hapo ndipo Hafidha alipofungua ukurasa wa ile Ijumaa, akausoma kwa sauti, neno kwa neno, bila haraka.

Bi Arafa akamwomba Hafidha amwondoe Haidar kwenye mfumo, nywila zote zibadilishwe.

Haidar alimsogelea. "Ungeniita pembeni, dada yangu."

"Wewe ulinisemea pembeni?"

Akamgeuzia kioo cha kompyuta ili aone vizuri. Akaliteua jina la Haidar, akalifuta. Alipomaliza, alitamani lirudi, alifute tena.