Kopo la Chachu

Dawa ya mama mkwe ilikuwa nyeusi, inavutika kama makamasi, inanuka soksi zilizolala mvuani. Kila asubuhi alinisimamia hadi nimeze. "Kunywa, mwanangu. Tumbo lako limelala." Nikitapika, ananijazia nyingine. Bwana wangu yuko pale pale, anatafuna mkate wake na kutazama pembeni. Na juzi nikapewa neno la mwisho: mwaka ukiisha sina mimba, nirudi kwetu, mwanawe aoe mwingine.

Nikachoka. Nikamwambia bwana twende hospitali sote wawili, la sivyo sinywi tena hata tone.

Majibu yalipotoka, daktari hakunitazama mimi. "Mkeo hana tatizo. Mbegu zako ndizo chache, na nyingi hazina nguvu. Unafanya kazi gani, kaka?"

"Mwokaji mikate."

"Unakaa karibu na moto?"

"Nakaa juu ya tanuri lenyewe. Napakata chachu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Unapakata nini?"

Akaeleza kwa fahari, hana hata haya. Chachu ni donge la unga uliochacha, ndilo linaloumua mikate yote ya kesho. Huwekwa kwenye kopo, na mwokaji mkuu hulibana mapajani, kavaa kaptula ya nailoni iliyombana, kakalia matofali ya moto mchana kutwa. Baba yake alifanya hivyo hivyo. Eti joto la mwili ndilo linaloipa mikate ladha.

Ladha! Mikate niliyoila tangu siku ya harusi! Nikavuta ndoo ya taka nikatapika mbele ya daktari. Mtaa mzima unapanga foleni kununua jasho la mapaja ya mume wangu. Ptuu!

"Korodani zimeumbwa zikae nje kwa sababu zinataka ubaridi kuliko mwili," daktari alimwambia. "Wewe unazioka. Shuka kwenye tanuri, acha kopo, vaa nguo pana. Mbegu mpya huchukua miezi. Siahidi, lakini wengi hupata nafuu."

Njiani bwana akanung'unika, "Chachu ikipoa itakufa. Ni ya marehemu baba."

"Kwa hiyo niondoke mimi?"

Akaongeza mwendo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila huyu wangu alikuwa anakilea.

Kesho yake nikamfuata tanurini. Nikamkuta yuleyule, kakalia matofali, kopo katikati ya mapaja, jasho linamchuruzika hadi kwenye mfuniko. Mama mkwe kasimama pembeni, kikombe changu cha dawa mkononi.

"Daktari gani huyo?" akafoka. "Babake alipakata, na huyu nikamzaa."

"Mmoja, mama. Ndoa yote ile, mmoja. Na wewe, nani alikunywesha uchafu huu?"

Akakitazama kikombe. "Mama mkwe wangu," akasema taratibu. "Miaka na miaka."

Nikalichomoa lile kopo. Lilikuwa na uvuguvugu, linanata, na nywele mbili zimeganda ubavuni. Yalaa! Nikampakatisha mama mkwe. "Basi lea wewe. Wewe umeshazaa."

Alilitazama kopo, akazitazama zile nywele, akakunja uso. Kisha akamwaga dawa yangu yote kwenye majivu.

"Shuka hapo," akamwambia mwanawe. "Kavae suruali."