Protini Iliyogoma Kuondoka

Tangu asubuhi dada mtu alikuwa hatulii. Kukaa hakai, kusimama hasimami. Mdogo wake, kinyozi anayechekesha mtaa mzima, alikuwa na miadi mchana kwa daktari wa meno: meno yachongwe, yavikwe kofia za kauri. Na jino likishachongwa, ndiyo basi tena. Na yeye dada mtu, mtafiti, huko maabara alikuwa anahangaika miaka yote hiyo kwa ajili ya meno hayo hayo!

Kinyozi alizaliwa na kasoro. Jino linapojengwa, protini hutangulia kujipanga, madini yakafuata mpangilio wake, fuwele kwa fuwele, mpaka gamba gumu jeupe likamilike. Kwake protini zilivuruga kazi. Meno yakaota ya kahawia, laini, yanauma hata akinywa maji ya bomba. Basi dada mtu akabuni jeli ya kufanya kazi ya protini hizo, akaipaka kwenye jino lililong'olewa, akaliloweka kwenye maji ya madini.

Leo kulitia chini ya hadubini, wacha wee! Fuwele zimelala sambamba kama njiti ndani ya kiberiti. Akapiga simu papo hapo.

"Usikalie kile kiti! Nakuja!"

"Dada, nimeshakalia."

Akachomoka mbio na jino mfukoni, bila hata kuvua koti la maabara. Alipoingia kwa daktari alikuwa anahema, jino mkononi, maneno yanamtoka ovyo ovyo. Daktari, mtu wa watu, hakukasirika. Alimpa tu sindano yake ya kupimia meno.

"Likwaruze kwanza, mama."

Akakwaruza. Gamba jipya likapukutika unga mweupe. Ala! Kwa papara zake hakuwa amelipima ugumu. Alijua mara moja kosa liko wapi. Protini huelekeza tu, kisha inapaswa kuyeyushwa itoke, ili fuwele zinenepe na kubanana. Ya kwake, ile jeli, ilikuwa imeganda katikati ya fuwele, imegoma kuondoka.

"Nipe muda," akamwambia kinyozi. "Nitatafuta kimeng'enya cha kuiyeyusha. Subiri kidogo tu."

"Dada, tangu niko shule ya msingi unaniambia nisubiri. Natafuna upande mmoja kama mzee. Nalala nimeshika shavu." Safari hii hakuwa anatania. "Ukisema nisubiri, nitashuka kwenye kiti hiki twende zetu nyumbani. Lakini niambie ukweli. Yangekuwa meno yako, ungesubiri?"

Angesema ndiyo, mdogo wake angeshuka kweli. Hajawahi kumkatalia jambo. Ndiyo maana dada mtu aliogopa. Akaiweka ile sindano mezani. Roho iliuma jamani, mtu asikudanganye.

"Nisingesubiri," akasema.

Kisha akamgeukia daktari. "Mchonge," akamwambia, na machozi yakamtoka hata kabla mashine haijaanza kulia.