Mlango wa Chumba cha Viatu

Enid Garside alipoitwa London awafundishe waigizaji kutandika vitanda vya bweni, alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kujua uongo wa Jolyon Askew umefikia wapi.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa matroni wa wavulana katika shule moja ya bweni huko Shropshire. Amewapima homa watoto wa majaji na mabalozi, amewafuta kamasi, na tangu hapo hajawahi kumwogopa mkubwa yeyote. Jolyon alikuwa mmoja wa watoto hao. Sasa ana miaka arobaini na mitatu, skafu shingoni mwezi wa Juni, na ameandika mchezo wa kuigiza kuhusu shule ile.

"Matroni wangu!" alimkumbatia mlangoni mwa ukumbi. "Hujazeeka hata chembe!"

"Nimezeeka, Jolyon. Wewe ndiye hujakua."

Akacheka kwa kishindo, akiwaangalia wenzake ili nao wacheke. Wakacheka.

Siku tatu Enid aliwafundisha vijana kukunja pembe za shuka. Aligundua kwamba matroni wa kwenye mchezo ni mlevi mwenye ndevu kidevuni. Hilo alilimeza. Siku ya nne wakafanya mazoezi ya onyesho lenyewe hasa. Mtoto wa muuza nyama, aitwaye Wendell Pugh, amefungiwa na wahuni ndani ya chumba cha viatu, Januari, nguo zimelowa. Anatokea Jolyon mdogo, anayeigizwa na kijana wa Leeds aitwaye Kieran Mulvey. Anavunja kufuli, anamvika mwenzake koti lake, kisha anatoa hotuba ya dakika nne kuhusu utu.

Jolyon, aliyekaa safu ya mbele, alifuta machozi. Analizwa na hotuba aliyoiandika mwenyewe!

Wakati wa chai Kieran alimfuata Enid. "Bi Garside, hii hotuba inanishinda. Mtoto gani wa miaka kumi na mitatu anaongea kama mbunge?"

"Hakuna."

"Sasa yeye alisema nini siku hiyo?"

Enid aliweka kikombe chini. "Alisema, 'Tulikuwa tunacheza tu, Matroni.' Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, anakula mkate wa tosti, na ufunguo umo mfukoni mwake. Mlango niliufungua mimi, saa saba mchana. Mtoto alikuwa humo tangu baada ya kifungua kinywa. Akashikwa na nimonia, na shule hakurudi."

"Na huyu hakufukuzwa?"

"Baba yake alikuwa kwenye bodi ya shule. Mwalimu mkuu akaniambia niwaandikie wazazi wa Pugh kwamba kitasa kilikwama. Nikaandika. Kwa hiyo usidhani namdharau yeye peke yake."

Kieran aliomba tu aelezwe benchi ilikaa upande gani.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana. Ilipofika zamu yake, Kieran hakuvunja kufuli. Alikaa kwenye benchi, akatoa ufunguo, akawa anauzungusha kidoleni. Akaung'ata mkate. Kisha akaitoa hotuba yote, neno kwa neno kama ilivyoandikwa, utu na huruma na udugu, mdomo umejaa makombo, na nyuma yake Pugh anagonga mlango, anagonga, mpaka akaacha kugonga.

Enid alimtazama Jolyon, viti viwili kutoka kwake, shingo imemwiva kama nyanya, akadhani sasa atakimbia. Lakini watu walisimama wakapiga makofi. Jolyon aligeuka kushoto, akageuka kulia, kisha naye akasimama na kuweka mkono kifuani.

Nje ya ukumbi, penye meza ya divai, mwandishi wa gazeti alimshika Jolyon mkono. "Ujasiri ulioje, kujianika hadharani namna hii!"

"Ilinibidi," alisema Jolyon kwa sauti ya kanisani. "Mzigo huu nimeubeba miaka thelathini."

"Umeubeba dakika ishirini," alisema Enid.

Jolyon akamvuta pembeni, tabasamu halijamtoka. "Matroni, huoni? Sanaa inaponya."

"Imemponya nani? Pugh yuko Ludlow, kulekule Shropshire, anauza nyama. Mpigie."

"Ningempigia, ila namba yake sina."

Enid aliiandika nyuma ya karatasi ya ratiba. Jolyon aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa kitu kitakatifu, akaiweka mezani, akatua glasi yake ya divai juu yake, akaenda kupigwa picha.

Asiye na haya hana dawa. Enid hakungoja hotuba nyingine. Alitoka akakaa kwenye ngazi, akampigia Pugh mwenyewe, mtu ambaye kwa miaka alinunua nyama kwake bila kuligusa jambo lile.

"Wendell, ile barua ya kitasa kukwama niliiandika mimi."

Upande wa pili wa simu, buchani, msumeno wa mifupa ulizimwa.

"Najua, Matroni. Mama aliutambua mwandiko. Nilikuwa nangoja useme."

"Umengoja sana. Nisamehe."

"Bado sijajua kama nimekusamehe," alisema Pugh taratibu. "Ila umesema." Kisha akauliza, "Na huyo Jolyon, amenenepa?"

"Amenenepa."

"Afadhali."