Nikiondoka, Mtu Asikikalie

Kazi ya Chelagat ilikuwa kuwalinganisha watu na viti vyao, na kazi hiyo aliishika kwa ukali wa mwalimu wa shule ya Jumapili. Asubuhi hiyo alikuwa ameteremka kutoka dukani kwao Kitale hadi Bungoma na shehena ya viti vipya, akavipanga katika ofisi ya kampuni ya mbegu iliyoviagiza, kisha akawaita wafanyakazi mmoja mmoja. Hakumwuliza mtu anapenda rangi gani. Alimketisha, akatazama kama nyayo zimetulia sakafuni na viwiko vinalingana na meza. Akapitisha vidole nyuma ya goti ili kuhakikisha kwamba ukingo wa kiti haumbani mtu mishipa. Bi Peris, mkuu wa ofisi, mwanamke mfupi wa kimo, alipewa kiti chenye kikalio kifupi na kibao cha kuwekea miguu. Mukhisa wa ghalani, jitu la mtu ambalo huinama katika kila mlango, alipandishiwa kiti hadi mwisho, na egemeo likasogezwa mpaka pale mgongo wake unapobonyea.

"Sasa naona mpaka Webuye," Mukhisa alisema, akijinyoosha. "Dada, hapa nitarara kazi, bana."

"Utalala kwako. Hapa kaa wima."

Akabaki Phelista, msichana aliyeajiriwa juzi kupokea wageni na simu. Viti vipya vilikuwa vimekwisha. Bi Peris akaonyesha kwa kidevu kiti kilichosimama peke yake pembeni, kikielekea ukuta. Nacho kilitoka katika duka lile lile la Kitale, mwaka uliopita, na hakuna aliyekikalia tangu kufariki kwa Mzee Zachary, karani wa zamani. Chini yake, nguzo ya chuma iliyojazwa gesi, ile inayopandisha na kushusha kiti, ilikuwa imezungushiwa waya mnene mara nyingi, na juu ya waya pamefungwa kitambaa chekundu.

"Hicho usiguse," Mukhisa alisema, na mzaha ulikuwa umemtoka. "Mzee aliacha neno. Alisema, 'Nikiondoka, mtu asikikarie.' Na akaondoka kweli."

"Si wewe ni mtu wa kanisa?" Bi Peris akamchokoza.

"Mimi ni wa kanisa, madam. Lakini neno la mzee anayekufa silikanyagi."

Chelagat hakupenda mazungumzo ya namna hiyo. Babake alikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani kwao hirizi zilichomwa, hazikujadiliwa. Akatoa koleo, akaukata waya. Kipande cha mti kikaanguka kutoka ndani yake. Akakisukuma kando kwa ncha ya kiatu. Akakirekebisha kiti kwa kimo cha Phelista, akakigeuza.

Phelista hakusogea. "Madam, ninaweza kusimama tu. Mimi nimezoea kusimama."

"Wageni hawapokewi na mtu aliyesimama kama askari wa geti," Bi Peris alisema. "Ukae, ama urudi kwenu. Kuna wengi wanaitaka hiyo meza."

Phelista akaketi ukingoni, mikono mapajani, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Ofisi nzima ikanyamaza. Katika kimya kile kiti kikashusha pumzi, ndefu na nyembamba, na msichana akazama kidogo.

"Mmesikia?" Mukhisa alinong'ona.

"Ni gesi tu," Chelagat akajibu, ili kuwatuliza.

Kisha akalisikia neno lake mwenyewe. Nguzo iliyo nzima haivuji.

Akainama, akakiokota kile kipande cha mti. Kilichongwa mfereji katikati ili kiikumbatie nguzo, na kichwani kilikuwa na alama ya chuma iliyodidimia, alama ya uzito uliobebwa kwa muda mrefu. Hirizi haibebi uzito. Hiki kilikuwa kigingi cha kuzuia kiti kisishuke.

"Mukhisa," aliuliza bila kuinua macho, "mzee alilisema neno hilo akiwa wapi?"

"Hapo mlangoni. Siku ile anaenda Lugulu kulazwa. Na hakurudi."

"Basi alikuwa anaondoka kwenda hospitali. Hakusema 'nikifa'."

Watu wote wakamtazama Phelista.

"Usijitikise," Chelagat alisema. "Nipe mikono yako. Taratibu."

Akamvuta kwake. Msichana alikuwa hajasimama sawasawa wakati mlio ulipopasua chumba, kiti kikarukaruka kama kitu kilichochinjwa, na nguzo ya chuma ikatokeza katikati ya kikalio, sifongo ikining'inia pembeni mwake. Phelista alipeleka mkono nyuma ya sketi yake, akaukagua mkono huo kwa muda mrefu.

Chelagat akapiga magoti. Kwenye chuma kile paligongwa chapa: ndege mdogo aliyekunja mabawa. Alimjua. Asubuhi hiyo, akipangusa vumbi la safari, alikuwa amepitisha kitambaa juu ya ndege huyo kwenye kila kiti alichokileta. Alikuwa amemwuliza Kibiwott, mwenye duka, kama mzigo mpya uliopitia mpaka wa Suam umejaribiwa, naye akamjibu, "Nguzo ni zile zile za mwaka jana. Uliwahi kusikia mtu akilalamika?"

Hakuna aliyelalamika. Aliyekijua kiti alikuwa kaburini, na onyo lake waliliogopa tu, wala hawakulisoma.

Akageuka. Bi Peris alikuwa ameshasimama, amekishika kibweta chake kifuani. Ila Mukhisa alikuwa bado ameketi, juu kabisa pale alipopandishwa, uzito wake wote ukiwa kwenye egemeo, akicheka kwa sauti kubwa ili kuifukuza hofu yake.

"Mukhisa," Chelagat alisema, polepole sana, akinyoosha mikono. "Acha kucheka."

Akaacha. Na katika kimya hicho, chini yake, kitu kikaanza kushusha pumzi.