Wendell Teague Kaburini kwa Mama Yake

Filamu haikuwa imefika hata robo, Odessa Pettway akaanza kuguna. Miaka kumi na mmoja alikuwa mwitikiaji katika nyimbo za Wendell Teague, yule mwimbaji mashuhuri wa muziki wa soul, na sasa ameketi kwenye ukumbi wa sinema mjini Memphis, Jumapili mchana, na kofia yake ya kanisani kichwani, akimtazama kijana mwenye meno yaliyopangika akijifanya ndiye Wendell.

"Wendell alikuwa na pengo," alimnong'oneza Verlene, rafiki yake wa kanisani. "Na hakuwahi kubeba hata sanduku lake mwenyewe. Huyu anabebea bendi nzima, utadhani kuli wa stesheni."

"Dada, tazama sinema."

Akatazama. Akamwona Wendell akisali kabla ya kila onyesho. Akajiona na yeye mwenyewe, kibinti chembamba ambacho kazi yake ilikuwa kusema, "Sawa, Wendell." Akacheka puani.

Ndipo ikaja sehemu ya mazishi ya mama yake Wendell. Mvua inanyesha, Wendell kapiga magoti kwenye tope, anaimba "Mama, Nimechelewa", wimbo uliompa jina. Ukumbi mzima ukatoa leso. Verlene naye akatoa yake.

"Unamlilia nani?" Odessa akamuuliza. "Siku hiyo Wendell alikuwa amelala hotelini Detroit."

Taa zilipowaka, mwongozaji, bwana mmoja aliyevaa viatu bila soksi, alimwita mbele kama mgeni wa heshima na kumpa kipaza sauti.

"Mama Pettway, tumepatia?"

"Nguo mmepatia," alisema Odessa. Watu wakacheka. "Lakini Wendell hakuja mazishini. Alinipigia simu akasema koo linamuuma, nikamzikie mama yake. Nikamzikia. Mvua haikuwepo, jua lilikuwa linapasua kichwa. Na aliyeimba ni mimi."

Kicheko kikakatika. Charmaine, binti wa Wendell, akasimama kwenye safu ya mbele.

"Shangazi, baba yangu ameshakufa. Kwa nini unamwaibisha mbele za watu?"

"Aibu ndiyo iliyomwimbisha, mwanangu. Miezi miwili baada ya mazishi hakuweza kutoa hata kibwagizo. Kisha siku moja akaingia studio, hamtazami mtu, akauimba wimbo ule mara moja tu, hadi mpiga ngoma akashindwa kumaliza. Sasa huyu wenu, aliyemzika mama yake vizuri hivi, amechelewa wapi?"

Mwongozaji akatabasamu, akasema kumbukumbu za wazee ni hazina, kisha akauliza nani mwingine ana swali. Odessa akamwachia kipaza sauti chake kwenye kiti, akatoka.

Charmaine aliwakuta kwenye maegesho, Verlene akiwa tayari ameshika usukani. Odessa alijiandaa kutukanwa.

"Aliwahi kwenda kaburini?" Charmaine aliuliza.

"Mara moja. Alinikuta nakaanga kambare, akaniomba nimpeleke, maana hakujua lilipo. Tulipofika akabaki ndani ya gari. Hakushuka."

"Mimi aliniambia kama ilivyo kwenye filamu."

"Najua. Alikuwa akiwaambia wengi."

"Na mimi silijui hilo kaburi, shangazi."

Odessa akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akamfungulia mlango wa nyuma.

"Panda," akasema. "Ila ukianza kuimba, nakushusha."