Swali Lisiloingia Sandukuni

Karatasi ya kumi na moja iliuliza kengele ya mapumziko italia saa ngapi. Mwalimu aliiweka kwenye rundo la kushoto, juu ya nyingine sita zilizouliza jambo hilohilo, akainyoosha ya kumi na mbili kwa ukingo wa kiganja.

Kila Alhamisi, watoto wakishaondoka, alifungua sanduku la maswali na kuyapanga mezani: ya wanyama huku, ya mwili kule, na yale yasiyo na kwao akayaweka katikati. Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliyajibu yote. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea tangu siku alipokabidhiwa darasa: hakuna karatasi itakayotoka humo bila jibu. Yeye mwenyewe, alipokuwa na umri wa watoto hawa, kila akiuliza aliambiwa kaa chini. Mengi aliyoyajua baadaye aliyaokota peke yake, kwenye vitabu visivyo na jalada.

Zamani rundo la katikati ndilo lililokuwa kubwa. Kwa nini mtu akipiga miayo na jirani anapiga? Aliyetengeneza kalenda ya kwanza alijuaje kwamba siku hiyo ni Jumatatu? Maswali ya namna hiyo mengi yaliandikwa na mtoto mmoja wa miaka tisa, kwa penseli nene ya seremala, karatasi imekunjwa mara nne. Wenzake walimwita Penseli kwa sababu aliichomeka nyuma ya sikio, kama baba yake, ambaye ndiye aliyelitengeneza sanduku lenyewe.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu Penseli haji shule. Asubuhi, akiita majina, mwalimu alifika namba kumi na saba, akanyamaza kidogo, kisha akaenda kumi na nane. Watoto nao walinyamaza hapohapo, kila siku, bila kuambiwa.

Kosa lilikuwa lake, au halikuwa, bado hajaamua. Wiki zile tatu nyuma alikunjua karatasi iliyokunjwa mara nne, akasoma: "Mwalimu, kwenye uchaguzi utampigia nani kura, na kwa nini?" Aliilaza mkobani, akaiwaza mpaka asubuhi. Angeweza kuipoteza. Lakini sheria ni sheria. Ijumaa akasimama mbele ya darasa, akakitaja chama. Na kwa kuwa mtoto aliuliza na sababu, akaongeza, "Kwa sababu wale wengine wametudanganya miaka mingi."

Sentensi moja, kwa sauti yake ileile ya chini. Jumatatu kiti kilikuwa kitupu. Juu ya paa la karakana ya seremala, kama kila mtu mtaani alivyojua, ilipepea bendera ya wale wengine.

Mwalimu mkuu hakugomba. "Siasa unaiacha getini, mwalimu," alimwambia, "kama mwavuli."

"Na paa la darasa likivuja?"

"Basi lowa."

Tangu hapo watoto waliuliza habari za kengele.

Karatasi ya kumi na mbili ilikuwa na herufi kubwa zilizopinda, za mtoto aliyekaa dawati moja na Penseli. PENSELI ATARUDI LINI?

Mwalimu aliipitisha juu ya marundo yote. Haikuwa na rundo. Na kesho ni Ijumaa. Aliikunja, akaitia mfukoni, akayaacha mengine mezani jinsi yalivyo, akatoka.

Seremala alikuwa akipiga randa mlango. Alimwona mgeni, na randa haikusimama.

"Habari za kazi, fundi."

"Kazi ipo. Karibu, mwalimu. Angalia msumari hapo, usije ukasema watu wa chama changu wamekuchoma."

"Nimeuona. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto yupi? Yule mwenye baba mwongo?"

Kutoka nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani ikaja sauti ndogo: "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Wiki tatu alikuwa akiisikia sauti ile kwenye namba kumi na saba, na sasa ilikuwa hatua nne tu kutoka alipo.

"Endelea kuchambua misumari," baba yake alimwambia, kisha akamgeukia mgeni. "Nani alikutuma umwambie?"

"Aliuliza, fundi. Ningemdanganya?"

"Mimi aliniuliza watoto wanatoka wapi. Nilimjibu, lakini sikumtolea ripoti! Ungesema, hiyo ni yangu mwenyewe, mwanangu, kaitafute ya kwako."

"Na wewe ulimbeba mabegani kwenye mkutano wa hadhara. Nilimwona na kofia ya chama imemfunika mpaka puani."

"Mimi ni baba yake."

"Na mimi ni mwalimu wake."

"Ndiyo hapo sasa!" Randa ikasimama. "Mimi akinibishia, tunabishana, tunakula, tunalala. Wewe akikubishia anaogopa alama."

"Sijawahi kumkata mtoto alama kwa kunibishia."

"Wewe unajua hivyo. Yeye anajuaje? Wewe ndiye uliyemwambia saba mara nane ni hamsini na sita, akaamini. Ukamwambia dunia ni mviringo, akaja kunifundisha mimi. Halafu kwa mdomo huohuo ukamwambia sisi ni waongo." Alipangusa maranda mikononi. "Alikaa hapo, akaacha chakula, akaniuliza, 'Baba, ni kweli?' Ningemwambia mwalimu wake hajui kitu?"

Jambo hilo halikuwa limempitia mwalimu akilini: kwamba jibu lake lingefika nyumbani kama jedwali la kuzidisha. Alikuwa amepima ukweli wa maneno yake, hakupima uzito wake kwenye bega la miaka tisa.

"Hilo sikuliona," alisema. "Bado naamini mtoto akiuliza ajibiwe. Lakini hilo sikuliona."

Akatoa karatasi mfukoni, akampa. Seremala aliisoma, akaisoma tena, kisha akainama chini ya meza ya kazi na kuvuta boksi lililojaa vipande vya mbao.

"Tazama. Hanisaidii kazi huyu. Kila kipande ninachotupa, anaandika."

Kila kipande kilikuwa na swali, kwa penseli nene. Mwalimu alivigeuza kimoja kimoja. Kwa nini gundi haigandi kwenye chupa yake? Msumari ukipinda unaumia? Darasani wamefika ukurasa wa ngapi?

"Nimejibu viwili," seremala alisema. "Cha gundi nimedanganya."

Mwalimu akavuta kigoda. "Una penseli?"

Seremala akachomoa ya sikioni kwake. Mwalimu akaandika polepole, jibu chini ya swali, na kila kilichokamilika akakisukuma kuelekea kwenye zile mbao za ukutani. Mkono mdogo ukajitokeza kukichukua, mara ya kwanza kwa woga, mara ya tano kabla hakijafika. Kicheko kikasikika huko nyuma. Mwalimu aliendelea kuandika, asije akaonekana macho.

Kisha akafikia kipande kipana, cha ubao wa kabati lililoharibika. Baba na mwalimu wakikataana, mimi nikae wapi?

Penseli ikasimama. Alitaka kuandika, akaona kila neno linaegemea upande. Akampa seremala asome.

Seremala alikishika kile kipande kwa muda, kana kwamba anatafuta kilikopinda. Akachukua msasa, akaanza kukisugua pembeni, mbali na maandishi.

"Hiki hakiingii kwenye lile tundu nililotoboa sandukuni," alisema.

"Hakiingii."

"Itabidi mtu akipeleke kwa mkono. Ajibiwe na darasa zima, si mtu mmoja."

Huko nyuma ya mbao misumari iliacha kulia kwenye kopo.

Mwalimu alingoja. Seremala alisugua upande mmoja mpaka ukawa laini, akaupitishia kidole gumba, akakigeuza. Upande wa pili ulikuwa bado una vibanzi.

"Kitamchoma mtu," alisema. "Na mkono umechoka. Nitakimalizia asubuhi."

"Kengele ni saa moja na nusu."

"Najua kengele ni saa ngapi, mwalimu."

Akakilaza mezani, msasa juu yake.