Mama Pasi na Mkanda wa Njano

Mama Pasi alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na kwa miaka ishirini na miwili mvuke ulikuwa umemzoea kama mtu wa nyumbani. Mashuka yalimjia yakiwa meupe, yenye joto, hayana mwisho. Aliyanyoosha, akayakunja, akayapanga, na mawazo yake yakaenda yanakotaka. Mara nyingi yalikwenda kwa binti yake, fundi umeme wa meli za mizigo, aliyekuwa akirudi nyumbani mara moja kwa mwaka.

Binti huyo alikulia kwenye karate. Alifunga mkanda mweupe akiwa na miaka tisa, na kila alipobadilisha rangi alikimbia nyumbani kumwonyesha mama yake, akakuta mlango umefungwa, mama bado yuko kazini. Mama Pasi hakuwahi kuhudhuria mtihani hata mmoja. Zamu zilimbana. Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote, na mwaka alipotimiza hamsini na mmoja, bila kumwambia mtu, alipanda ngazi za ukumbi uleule alikofanyia mazoezi binti yake, akajiandikisha.

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la vioo. Alasiri jua lilipiga vioo vilivyoegemezwa nje, mwanga ukapanda dirishani na kutetemeka darini kama maji. Chini ya mwanga huo watu kumi na watano waliovaa nyeupe walikwenda mbele kwa pamoja, wakarudi nyuma kwa pamoja, na Mama Pasi akaona kama mashuka yake yameota miguu.

Wiki ya tatu binti alipiga simu. Angekuwa nyumbani baada ya miezi minne. Mama Pasi akapiga hesabu kwa vidole: miezi minne ilitosha kupata mkanda wa njano, ule wa kwanza baada ya mweupe, ampokee mwanawe akiwa nao kiunoni. Siku hiyohiyo, mwalimu alipokuwa akieleza namna ya kusimama, yeye akanyoosha mkono. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini mno. Ilibidi watu watulie ndipo wamsikie.

"Samahani mwalimu, mtihani wa njano ni lini? Mimi nina haraka kidogo."

Mtu mmoja akakohoa. Mwalimu alimtazama bila hasira, kama mtu anayetazama mvua.

"Goti la mbele, mama. Likunje zaidi," alisema, na somo likaendelea.

Mama Pasi alitamani mkeka ufunguke umfiche. Darasa lilipokwisha, kinyozi mmoja, mwanafunzi wa siku nyingi mwenye mkanda wa kahawia, alimsogelea akiwa na ufagio mkononi.

"Usijisikie vibaya, mama. Hapa kila mtu amewahi kuboronga."

"Kwani nimemtukana?"

"Hapana. Ila mambo ya mkanda hayaulizwi mbele ya darasa, tena mwalimu akiwa katikati ya maneno yake. Ni kama mteja aniulize namaliza saa ngapi, na wembe uko shingoni kwake."

Mama Pasi akacheka bila kutaka. "Sasa mtu atajuaje?"

"Ngoja darasa liishe. Nenda, inama, umuulize urekebishe nini. Habari za lini mwachie yeye. Akikuona uko tayari, atakuita mwenyewe."

Siku iliyofuata alifanya hivyo. Alisubiri hadi wenzake wote wakatoka, akainama mpaka kiuno kikalia.

"Mwalimu, naomba uniambie nirekebishe nini."

Safari hii mwalimu alitabasamu. "Mguu wako wa kushoto umelala. Uamshe."

Basi akaenda kuuamsha. Katikati ya matoroli ya mashuka aliteleza mbele kwa mguu wa kushoto, akageuka, akazuia, akapiga hewa, akalipiga ngumi na rundo la mashuka, na mvuke ukafunga nyuma yake kama pazia. Mwenzake wa mashine ya kukaushia alimwangalia wee, mwishowe akauliza, "Shoga, hayo mashuka yamekukosea nini?"

Siku zikaanza kuyeyuka. Kuna wakati alimaliza rundo zima la mashuka asikumbuke hata moja, ila mwili ukakumbuka kila hatua ya ule mfululizo wa mapigo aliofundishwa. Alipolala aliota anatembea juu ya kitambaa cheupe kisichokunjika. Hesabu ya miezi ikampotea kabisa.

Ndipo mwalimu akamwita. "Mtihani ni Jumamosi, saa tisa. Nakutaka mstari wa mbele."

Jumamosi, saa tisa, ndiyo saa ambayo basi la binti yake lingefika, kama alivyosema kwa simu. Mama Pasi akasimama pale, moyo umegawanyika. Kisha akainama.

"Ahsante sana, mwalimu. Lakini mwanangu anafika saa hiyohiyo. Mitihani yake yote niliikosa. Kumpokea sitaki kukosa. Naomba uniite siku nyingine."

"Nenda kampokee," alisema mwalimu. "Mkanda hauozi."

Jumamosi binti alishuka kwenye basi, akamshika mama yake mkono, akaugeuza.

"Mama, vifundo vya vidole vyako vimeota sugu. Umefanya nini?"

Ikabidi aseme yote. Binti alimsikiliza mdomo wazi.

"Na mtihani ni leo? Saa ngapi?"

"Umeshaanza. Twende nyumbani ukale."

Binti alikuwa ameshasimamisha teksi.

Kwa desturi ya ukumbi ule, aliyechelewa hupiga magoti mlangoni mpaka aitwe. Mama Pasi alivaa nguo zake za mazoezi alizokuwa ameziacha katika kabati la ukumbi, wakapiga magoti wote wawili, begi la safari kando yao. Hawakunong'ona. Mwanga ulicheza darini, wengine wakapita mmoja mmoja, na ilipobaki nafasi tupu katikati ya mkeka, mwalimu akageukia mlangoni.

"Mama Pasi. Mstari wa mbele."

Alianza vizuri. Katika hatua ya saba kila kitu kilifutika kichwani, kikabaki cheupe. Hakumtazama mtu. Alivuta pumzi, akangoja, na mguu wa kushoto ukatangulia wenyewe. Mwili wote ukaufuata hadi mwisho. Alipogeuka, alimwona binti yake bado amepiga magoti, mikono juu ya mapaja, machozi yanamtiririka asiyafute, kwa kuwa mtu hajigusigusi wenzake wakiwa mtihanini.

Wiki iliyofuata mwalimu alimfunga mkanda wa njano mbele ya darasa. Binti alibaki nyumbani wiki tatu. Kila asubuhi waliisukuma meza hadi ukutani, wakasimama bega kwa bega sebuleni, wakaenda mbele, wakarudi nyuma, na chai ikapoa jikoni.